Kustaafu lini? Mwongozo kamili kwa mtu wa Nairobi, kabla mwili ama boss hajakuchagulia tarehe

Tuanze na sheria juu hapa ndio watu wengi huchanganyikiwa. Kama umeajiriwa na serikali unaenda nyumbani ukiwa 60, zamani ilikuwa 55 hadi 2009 ikapandishwa, na mtu mwenye ulemavu anafika 65. Majaji wao wanasukuma hadi 70. Lakini kama kazi yako ni ya kampuni huko Industrial Area, ama shule ya praiveti Donholm, ama stoo ya mtu River Road, Sheria ya Ajira ya 2007 haikuweka umri wowote wa kustaafu, umri wako uko kwa kontrakti uliyosaini, ama kwa sera ya kampuni, ama kwa kanuni za skimu yenu ya pensheni. Na kama uko Kamukunji unagonga mabati ama una kibanda cha mboga Kayole, hakuna mahali popote imeandikwa utaacha lini.

Kwa hivyo kuna wale wako na tarehe na wanajifanya hawaioni, alafu kuna wale hawana tarehe na wanadhani hiyo ni bahati. Huu mwongozo ni wa wote, na msimamo wangu nautoa mapema: usianze na pesa. Kila mtu anaanza na pesa, anaona hazitoshi, anasema basi naendelea tu, alafu anaendelea na kazi ambayo itakuja kula hata hizo kidogo kwa bili ya hospitali. Anza na kazi yenyewe. Hii kazi, vile iko sai, mtu wa miaka 63 anaeza kuifanya bila kuumia ama kuumiza mwingine? Ukishajibu hapo ndio uende kwa hesabu.

Hatua ya kwanza: pima kazi, usijipime sifa

Wazee kazini kwa ujumla hawapati ajali nyingi kushinda vijana, wako na uzoefu na hawakimbizani ovyo. Shida ni kwamba wakiumia wanaumia vibaya na kupona kunachukua muda. Kijana wa 25 akiteleza kwa ngazi anachechemea wiki mbili anarudi, mtu wa 64 anavunjika nyonga na hapo maisha ya nyumba nzima yanabadilika. Hiyo hadithi ya "nimefanya miaka 30 bila ajali" iweke kando, jiulize ukipata moja tu utatoka aje.

Sasa angalia kazi yako haswa. Dereva wa usiku, tatizo la kwanza ni macho, taa za lori Mombasa Road zinaanza kukuumiza kuliko zamani, unakaa sekunde kadhaa huoni vizuri baada ya gari kupita, na unajiambia ni vumbi kwa kioo. Inaeza kuwa mtoto wa jicho, na huwa unakuja polepole sana hadi unazoea. Pima macho kila mwaka ukishapita 50, kuna Lions SightFirst huko Loresho na kuna kitengo cha macho cha PCEA Kikuyu, na mtoto wa jicho ni upasuaji wa siku moja kwa watu wengi, so hii sio sababu ya kuficha kwa kuogopa kufutwa.

Soja na nesi wa shifti ya usiku, hapa ni usingizi, presha na sukari. Kulala mchana kwa ploti yenye watoto, redio na fundi wa welding chini sio kulala. Alafu kuna kitu watu hawasemi: dawa za presha zingine zinakukojoza, na mtu akiwa kwa geti peke yake bila choo karibu, ama makanga akiwa barabarani, anaruka dawa siku za kazi. Miaka inaenda hivyo, presha inapanda kimya, siku moja upande mmoja wa mwili unakataa. Kama unaruka dawa juu ya kazi, hiyo kazi tayari imekushinda, ama angalau hiyo shifti imekushinda, na kitu cha kwanza ni kurudi kliniki uombe wabadilishe dawa ama saa ya kumeza, usijibadilishie mwenyewe.

Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini ama vidonge fulani akikosa chakula cha saa sita juu lori limechelewa, anaeza kuanza kutetemeka, kutoa jasho na kuchanganyikiwa, na kama uko karibu na mashine ya kukata ama unashikilia usukani unaona vile hiyo inaeza kuisha. Mtu wa mjengo anayemeza dawa za presha, ukisimama ghafla baada ya kuinama unasikia kizunguzungu, sasa fikiria hiyo kizunguzungu ukiwa juu ya skafoldi Kilimani ghorofa ya nane. Stoo za Enterprise Road nazo masikio ni ya muhimu, foklifti inarudi nyuma inalia na wewe umeacha kusikia sauti nyembamba.

Wa ofisi pia usicheke. Wewe huanguki kwa ngazi, lakini kama ndio unasaini cheki ama kupitisha malipo kwa kompyuta, kosa moja la kutuma pesa kwa akaunti ya wezi litaandikwa jina lako na miaka yote mizuri itasahaulika. Kusahau kusahau sio lazima iwe uzee, inaeza kuwa usingizi mbaya, dawa, tezi ya shingo, ama mawazo mengi, ndio maana ni vizuri kuona daktari kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Njia ya kujipima bila kujidanganya: kwa wiki mbili andika kwa daftari kila kitu umemwachia mtu mwingine afanye. Kubeba, kupanda, kusoma namba ndogo, kuendesha baada ya saa moja jioni, kuongea na kastoma mkali. Alafu tafuta mtu mmoja mmefanya naye kazi kitambo, asiyekuogopa, umuulize ukiniangalia vile nilikuwa miaka mitano iliyopita na sai, ni nini nimeacha kufanya? Huyo jibu lake ni la maana kushinda la bibi yako juu bibi hakuoni ukiwa kazini.

Mwisho wa hiyo hatua utakuwa na jibu moja kati ya matatu. Kazi bado naiweza. Ama kazi ikibadilishwa kidogo (shifti ya mchana, kutoka barabarani uende ofisi ya kupanga magari, kutoka kushika mwiko uende kusimamia) naeza kuongeza miaka. Ama hii kazi inatoka sasa, hata kama pesa haijakaa vizuri, na tutatafuta nyingine nyepesi. Hilo la tatu ndilo watu wanakataa kuandika.

Hatua ya pili: uliza ni kinga gani inaisha siku gani

Hapa ndio hatari kubwa ya kufanya kazi uzeeni imejificha na haihusiani na magoti. Mtu anafika umri wa kustaafu, boss anampenda, anaambiwa mzee baki tu tutakupa kontrakti ya miezi sita sita. Mzee anafurahi. Haulizi kama michango ya pensheni inaendelea, kama bima ya matibabu ya kampuni bado inamshika yeye na mke, kama ile bima ya kifo ya wafanyakazi ina kikomo cha umri, kama akiumia kazini bima ya WIBA inamtambua kwa hiyo kontrakti mpya. Sheria ya WIBA ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya majeraha ya kazini, lakini bima ni karatasi na karatasi ina masharti, so uliza mbele sio baada ya kuumia. Wengine wanarudishwa kama "konsaltanti", yaani unafanya ile ile kazi kwa ile ile meza lakini likizo hakuna, matibabu hakuna, na ushuru unakatwa kivyake. Kama mshahara wa konsaltanti haushindi ule wa zamani kwa kiasi cha kulipa hizo vitu mwenyewe, umeshushwa mshahara na ukashukuru.

Andikia HR barua pepe, usiongee kwa korido. Kitu kama: "Naomba kujua, nikiendelea baada ya kufikisha 60, michango ya pensheni, bima ya matibabu, bima ya kifo na WIBA zitakuwa aje, na kila moja inaisha lini." Wakijibu unaweka. Wasipojibu pia umejua kitu.

Na matibabu baada ya kazi yapangwe ukiwa 55. SHA, yaani bima ya afya ya serikali, ilianza 1 Oktoba 2024 ikachukua mahali pa NHIF, ukiwa na mshahara unakatwa asilimia 2.75, ukitoka inabidi ubadilishe usajili wako uwe wa mtu asiye na mshahara, wanakadiria mapato ya nyumba yenu na unalipa ya mwaka mzima, chini kabisa ni 300 kwa mwezi yaani 3,600. Usiruhusu pengo hapo katikati. Kama unataka bima ya praiveti juu yake jua kampuni nyingi zina umri wa mwisho wa kumpokea mtu mpya, so ingia mapema. Na kuna mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu kwa baadhi ya skimu, tangu 27 Desemba 2024 unaeza kuweka hadi 15,000 kwa mwezi na inaondolewa kwa hesabu ya ushuru. Ukiwa na 52 hiyo ndio pesa ningeweka kabla ya kununua ploti ya pili.

Hatua ya tatu: hesabu, bila kujipa moyo

NSSF kwanza, ule mfuko wa lazima wa akiba ya uzeeni, ili tuiweke mahali pake. Mtu aliyekatwa 200 na mwajiri akaongeza 200 kila mwezi kwa miaka 20 hadi mwanzo wa 2023 aliweka 96,000. Miaka ishirini. Ongeza riba ya hiyo miaka yote, bado sio pesa ya kustaafia Nairobi. Michango mipya ya asilimia 6 wewe na 6 mwajiri imebadilisha mambo, tangu Februari 2023 kiwango cha juu kinapanda kila mwaka na Februari 2025 kilifika 4,320 kila upande, lakini hiyo itamsaidia sana mtoto wako sio wewe mwenye 57. Itisha taarifa yako sasa, kuna waajiri walikata na hawakupeleka, na kufuatilia hiyo ukiwa bado kazini ni rahisi kuliko kufuatilia kampuni ikiwa imefungwa.

Mtumishi wa serikali wa mpango wa zamani, fomula ni miezi uliyofanya kazi mara mshahara wa msingi gawa kwa 480. Mshahara wa MSINGI, rudia hapo, house allowance na zile zingine haziingii, na watu wanashtuka ajabu. Msingi 60,000 kwa miaka 30 ni miezi 360, so pensheni kamili ni 45,000 kwa mwezi. Wengi wanachukua robo kwa mkupuo: wanapewa 2,700,000 na mwezi unabaki 33,750. Wale wa chini ya miaka 45 wakati mpango mpya ulianza Januari 2021 waliingizwa huko, wanakatwa asilimia 7.5 na serikali inaweka 15, yao ni akiba inayokua sio fomula.

Kwa kampuni, angalia skimu yako ni ya pensheni ama ya provident. Provident unaeza kupewa zote kwa mkupuo. Pensheni unachukua hadi theluthi moja, iliyobaki unanunua anuiti, yaani kampuni ya bima inakulipa kila mwezi hadi ufe, ama unaiacha kwa mfuko unaoendelea kuwekezwa na unachota polepole, hii ya kuchota inaenda miaka isiyopungua 10 na kwa mwaka usizidishe asilimia 15. Mfano, umebaki na milioni 3: ukichota asilimia 15 ni 450,000 kwa mwaka, 37,500 kwa mwezi, tamu, lakini mfuko usipopata faida ya kiasi hicho unakula mtaji. Ukichota asilimia 10 ni 25,000. Ukiwa na afya nzuri na mama yako alifika 90, angalia anuiti vizuri. Ukiwa mgonjwa na una watoto wadogo, kuchota kuna maana zaidi juu kinachobaki kinaenda kwao. Ni maoni yangu, wewe ongea na trasti, yaani wasimamizi wa skimu, ukiona wanakuzungusha kuna RBA, mamlaka inayosimamia skimu za pensheni, wako Rahimtulla Tower, Upper Hill, na wanapokea malalamiko.

Ushuru: kuanzia mwisho wa 2024 pensheni ya mtu aliyefikisha umri wa kustaafu wa skimu yake haikatwi, na pia aliyetoka baada ya kukaa kwa skimu miaka 20. Hii ina maana kwa tarehe yako. Mtu wa miaka 48 mwenye miaka 18 kwa skimu anayetaka kuacha kwa hasira mwezi huu, hesabu kwanza hiyo hasira inakugharimu ngapi.

Jua kali, sitakudanganya, kazi ni kuweka mwenyewe. Kuna mipango ya akiba ya uzeeni ya watu wa jua kali: Haba Haba ya NSSF ilianza na 25 kwa siku, na Mbao iko tangu 2011 na 20 kwa siku, bora ianze. Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee, ya 2,000 kwa mwezi inaanza ukiwa 70, usiiweke kwa mpango.

Ukishapata namba yako ya mwezi, ishi nayo miezi mitatu ukiwa bado unalipwa, ile nyingine ipeleke mahali huwezi kuigusa. Kama nyumba ni ya kukodi Umoja na kodi inakula nusu, umejua jibu la kuhama ama kutohama kabla ya kustaafu. Wanaorudi ocha waangalie jambo moja tu kabla ya hali ya hewa: kliniki yako ya sukari ama ya figo iko umbali gani na nauli ni ngapi kila mwezi.

Hatua ya nne: watu

Watu wengi hawafanyi kazi wakiwa 66 juu wanaipenda, wanafanya juu kuna mtoto wa mwisho kampasi, kuna mtoto wa kwanza alirudi nyumbani, kuna ndugu. Hii ndio sehemu ngumu kushinda fomula zote. Ita watoto wakubwa mkae chini, uwaambie tarehe na uwaambie kiasi. Sio "mambo yatakuwa magumu kidogo", sema "kutoka Januari naeza kutoa 5,000 kwa mwezi, fee iliyobaki ni ya semista tatu, nani anachukua gani." Na wewe mtoto unayesoma, kama mzee wako ni soja na bado anapanda matatu saa kumi na moja jioni na miguu imevimba, usimwambie "baba wacha kazi" bila kitu mkononi, hiyo ni kumtukana. Mwambie "baba, ile 12,000 ya geti nitatoa 7, Wanjiku atatoa 5, wewe chagua mwezi." Wazee wengi wanakubali wakiona ni mpango na sio huruma.

Hatua ya tano: madeni na sacco

Fupi lakini usiruke. Mkopo wowote ambao unaisha baada ya tarehe yako ni shida, panga uishe kabla. Alafu angalia umedhamini nani kwa sacco, hapa wazee wanaumia kweli. Umetoka kazini unataka deposits zako, unaambiwa zimeshikwa juu umedhamini vijana wanne na mmoja ameenda Qatar halipi. Anza kubadilisha wadhamini miaka miwili mapema. Sacco nyingi pia zinataka notisi ya siku 60 kabla ya kukulipa.

Na mkupuo ukiingia, kwa miezi sita ya kwanza usinunue kitu. Usifungue hardware, usinunue matatu, usinunue ploti Joska umeonyeshwa kwa simu. Weka kwa MMF (money market fund, mfuko wa kuweka pesa kwa muda mfupi) ama bili ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa siku 91 ama 182, kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, ukitulia uangalie bondi. Mtu akikuambia offer inaisha Ijumaa, ya kwako iishe Alhamisi.

Hatua ya sita: andika tarehe

Sasa chukua majibu. Kazi hatari na pesa ipo: toka, usingoje bonasi ya Desemba. Kazi hatari na pesa haipo: badilisha kazi, hata kama ni ya mshahara nusu, juu nusu kwa miaka sita inashinda kamili kwa mwaka mmoja alafu wodi. Kazi salama na pesa haipo: endelea, lakini na mwaka wa mwisho ulioandikwa na pesa ya ziada ikienda kwa skimu, hadi 30,000 kwa mwezi inaondolewa ushuru. Kazi salama na pesa ipo, hapo ni roho yako, mtu akipenda kufundisha hadi 68 na bado anasikia wanafunzi wa nyuma, wacha afundishe. Ila weka ukaguzi kila siku ya kuzaliwa: macho, presha, sukari, masikio, na lile daftari la vitu umewaachia wengine. Vikiongezeka vitatu kwa mwaka, tarehe inaletwa karibu.

Hatua ya saba: karatasi

Anza mwaka mzima kabla. Majina kwa kitambulisho, PIN, NSSF na barua ya kuajiriwa yafanane herufi kwa herufi, "Njoroge" na "Njoroje" imekalisha watu Bima House, kwa ofisi za pensheni ya serikali, miezi. Tafuta barua ya kwanza ya ajira na za kupandishwa cheo. Badilisha jina la mrithi kwa skimu, juu pesa ya skimu haiingii kwa urithi wa kawaida, trasti wanaangalia fomu, na kama fomu bado ina jina la dadako uliloandika 1998 mke wako atahangaika. Weka akiba ya kula miezi sita juu pensheni ya kwanza huchelewa. Omba cheti cha huduma, ni haki yako hata kama mliachana vibaya. Alafu KRA, hata ukiwa nyumbani huna mapato ya kutozwa, ukiwa na PIN inayodaiwa ritani, faili ritani ya nil (ya kusema huna mapato) kila mwaka kabla ya 30 Juni, faini ni 2,000 na cyber watakufanyia kwa mia mbili hivi.